Muziki uanzie chekechea: barua ya wazi kwa wakuu wa Kaunti ya Mombasa

Kwa Mheshimiwa Gavana, kwa Waziri wa Elimu wa Kaunti, na kwa Waheshimiwa wawakilishi wadi wote,

Asalaam aleikum, na hamjambo.

Nawaandikia kuomba jambo moja lililo ndani ya uwezo wenu. Naomba kila mtoto wa PP1 na PP2, ile miaka miwili ya kabla ya gredi ya kwanza, katika chekechea za umma za Mombasa afundishwe muziki, kwa ratiba inayofuatwa, walau mara mbili kwa wiki, na mtu anayeujua. Nasisitiza kila mtoto kwa sababu tumezoea muziki wa wachache. Mgeni akitarajiwa, wenye sauti tamu hutolewa darasani, wakafundishwa wimbo wa kumkaribisha kwa siku mbili tatu, wakavishwa leso na kofia. Mgeni akishaondoka, muziki umekwisha mpaka aje mwengine.

Jambo hili ni lenu kisheria. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi kaunti elimu ya kabla ya shule ya msingi, na jedwali hilo hilo likaikabidhi kaunti shughuli za utamaduni. Walimu wa shule za msingi huajiriwa na TSC, tume ya walimu ya taifa, mitaala hutungwa na KICD, taasisi ya taifa ya mitaala, lakini mwalimu wa chekechea ya umma ni wenu, jengo ni lenu, na bajeti mnaipitisha nyinyi. Ndiyo maana barua hii sikuipeleka Nairobi.

Mimi ni mwalimu wa chekechea huku Kisauni. Nayaandika ninayoyaona darasani, pamoja na niliyoyasoma kwa muda mrefu kuhusu watoto na sauti.

Mtaala wa umilisi haukuusahau muziki. Umeuweka ndani ya shughuli za ubunifu, pamoja na kuchora na kucheza. Lakini mwalimu ana darasa limejaa, hakuna ala hata moja, na yeye mwenyewe chuoni alifundishwa muziki juu juu. Basi kipindi cha ubunifu huishia kwenye kuchora embe na kulipaka rangi. Nyimbo tunaziimba, tena nyingi: ya kuamkiana asubuhi, ya kunawa mikono, ya kupanga foleni, ya kwenda nyumbani. Zinatusaidia kutuliza darasa, na siziachi. Ila hakuna anayesikiliza kama mtoto yuko kwenye mdundo au nje yake, kama sauti yake inapanda wimbo unapopanda, kama anaweza kunyamaza kwa mapigo manne kisha akaingia pamoja na wenzake. Hayo hufundishwa. Hayaji yenyewe kwa kupiga kelele pamoja.

Zamani mtaa ulikuwa unafundisha. Bibi zetu wa Majengo na Mji wa Kale walikuwa na vyama vyao vya lelemama, ngoma ya wanawake, na mtoto alikaa ubavuni mwa mama yake akiyasikia mapigo mpaka yakamwingia. Harusi ilikuwa na ngoma ya watu: chakacha ya wanawake usiku, kirumbizi cha wanaume mchana, zumari ikilia, msondo ukipigwa. Huku bara kidogo, kwa ndugu zetu Wamijikenda, mtoto alikua na sengenya, gonda na kayamba. Leo harusi nyingi zina spika mbili kubwa na kijana mmoja mwenye kompyuta. Simlaumu, anatafuta riziki. Lakini mtoto aliyesimama mbele ya spika anapokea sauti tu. Haoni mkono ukipiga ngozi, wala haambiwi na shangazi yake, "Shika hapa, piga tukifika hapa." Shule ya mtaani ya muziki imefungwa bila mtu kutangaza, na hakuna iliyofunguliwa mahali pake.

Kwa nini basi tuanze na watoto wa miaka minne na mitano? Mbona tusingoje wafike gredi ya nne tukawapa filimbi? Kwa sababu sikio la mtoto halingoji. Mwaka 2009 watafiti wa Budapest na Amsterdam walichapisha matokeo ya kipimo cha watoto wachanga wa siku mbili tatu, waliokuwa usingizini. Walisikilizishwa mdundo, na mara moja moja pigo lake kuu likarukwa. Ubongo wa mtoto ulionyesha wazi kwamba umeliona pengo. Mtoto anazaliwa na uwezo huu. Kinachofuata kinategemea wanaomlea.

Mwaka 1995 Gottfried Schlaug na wenzake walipima bongo za wanamuziki na kukuta kwamba sehemu ya mbele ya kile kifungu cha neva kinachounganisha upande wa kulia na wa kushoto wa ubongo ilikuwa kubwa zaidi kwa wale walioanza kabla ya kufika miaka saba. Mtu angeweza kusema, hao wamepiga ala kwa miaka mingi zaidi, ndiyo sababu. Mwaka 2013 kikundi cha Virginia Penhune huko Montreal kililijibu hilo. Walilinganisha wanamuziki waliosoma kwa idadi ile ile ya miaka, tofauti yao ikiwa ni umri wa kuanza. Walioanza kabla ya miaka saba waliufuata mdundo kwa usahihi zaidi, na nyuzi za kifungu kile zilikuwa imara zaidi. Sasa tazameni kalenda yetu. PP1 ni miaka minne, PP2 ni mitano. Mtoto akitimiza saba yuko gredi ya pili, ameshatoka mikononi mwa kaunti. Miaka mizuri zaidi ya kufungua sikio la binadamu imewekwa na Katiba kwenu, waheshimiwa, wala si kwa wizara.

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa Nina Kraus wa Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago. Yeye hupima namna ubongo unavyoipokea sauti ya usemi, silabi kwa silabi. Mwaka 2014 yeye na wenzake walitoa matokeo ya watoto wa Los Angeles, wa umri wa miaka sita hadi tisa, kutoka mitaa maskini yenye magenge, waliokuwa wakifundishwa muziki bila malipo katika mpango uitwao Harmony Project. Baada ya mwaka mmoja, hakuna kilichobadilika kwenye vipimo. Baada ya miaka miwili, bongo zao zilizitenganisha vizuri zaidi silabi zinazokaribiana, kama "ba" na "ga". Watoto hao ni wakubwa kidogo kuliko wetu, lakini somo la muda liko wazi: mwaka mmoja hautoshi, miwili inaonekana. Nasi tunakaa na mtoto miaka miwili kamili kabla ya kumkabidhi gredi ya kwanza.

Na faida hii inakaa. Mwaka 2013 maabara hiyo hiyo ilipima watu wazima wa miaka 55 hadi 76. Baadhi yao walisoma muziki utotoni kwa miaka minne hadi kumi na minne, kisha wakaacha, wengine hawakugusa ala kwa takriban miaka arobaini. Walisikilizishwa silabi "da". Waliosoma muziki walipokea mwanzo wa sauti ile kwa kasi zaidi kuliko ambao hawakusoma kabisa, na waliosoma miaka mingi ndio waliokuwa na kasi kubwa. Tofauti ilikuwa karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kwa sikio la mzee hiyo ina uzito, kwa sababu kinachowashinda wazee wetu wengi ni kushika maneno haraka watu wanapozungumza kwa pamoja. Mtoto mtakayemfundisha mwaka ujao huko Jomvu atakuwa bado ana kitu chenu akiwa na wajukuu.

Sasa lileteni hili kwenye darasa letu. Paa ni la mabati. Mvua ya masika ikinyesha mwezi wa Mei sauti ya mwalimu haifiki nyuma. Dirishani kuna tuktuk, bodaboda, matatu iliyofungua muziki wote. Katika kelele hizo mtoto anatakiwa atofautishe "pata" na "bata", "fua" na "vua", "taka" na "daka", na wengi wao nyumbani wanazungumza Kigiriama, Kidigo, Kikamba au Kijaluo. Tunasema mtoto hajui kusoma, kumbe sauti mbili zile kwake bado ni moja. Usha Goswami wa Cambridge ameonyesha kwa kazi ya miaka mingi kwamba watoto wengi wenye shida ya kusoma huwa na shida pia ya kusikia mdundo. Nililifahamu hilo vizuri zaidi nilipoanza kuwapigisha watoto majina yao makofi, silabi moja kofi moja. Sa-li-mu. Mwa-na-i-sha. Ka-dzo. Lugha yetu inaipa kila silabi nafasi yake, haimezi kitu, na mtoto anayeshika makofi hayo sawasawa humuoni akirukaruka silabi anaposoma ubaoni. Hilo ni la macho yangu, si utafiti, lakini mwalimu yeyote wa chekechea anaweza kulijaribu Jumatatu.

Nawaeleza somo moja mlione lilivyo. Jirani yangu mmoja mzee, mpigaji wa zamani wa harusi za mtaani, alikubali kuja darasani na tari mbili za ngozi ya mbuzi. Asubuhi ile kulikuwa na unyevu, ngozi zimelegea. Hakuanza kupiga. Aliwaketisha watoto duara, akapiga tari moja pigo moja, sauti ikatoka nzito na butu. Akatoka nao nje, akawasha makumbi ya nazi, akaipitisha ile tari juu ya moto huku akiizungusha, ngozi ikiangalia chini. Watoto kimya. Akapiga tena: sauti imepanda, kali. Kasichana kamoja kakasema, "Imeamka!" Mzee akawapa tari zote mbili, iliyolegea na iliyowambika, akawageuza waangalie ukuta, akawa anapiga moja moja wao wakitaja ni ipi. Waliokosea mwanzo walipata baadaye, kwa kusikiliza tu. Kulikuwa na mtoto ambaye darasani haongei, anajibu kwa kichwa. Alipofikiwa na zamu ya kupiga alikiweka kiganja chote juu ya ngozi, akakiacha pale mwenzake akipiga upande wa pili, akisikia mtetemo mkononi. Kisha akapiga, mapigo matatu, yaliyonyooka. Nusu saa nzima hakuna aliyeomba kwenda chooni, na wenzangu wa chekechea mnajua maana yake.

Somo lile lilifundisha sauti nene na nyembamba, kungoja zamu, kusikiliza kabla ya kusema. Gharama yake ilikuwa makumbi.

Mombasa ni mji wa mshairi Muyaka bin Haji. Shairi lake, na mashairi ya waliomfuata, yamekaa juu ya mizani, hesabu ya silabi: nane ukwapi, nusu ya kwanza ya mstari, nane utao, nusu ya pili. Leo mwanafunzi wa sekondari anahesabu mizani kwa vidole, anaandika namba juu ya kila silabi kwa kalamu ya risasi, na bado anakosea, kwa sababu hakupata kuisikia alipokuwa mdogo. Aliyeisikia haihitaji kuihesabu. Mji huu ndio uliowapa nafasi magwiji wa taarabu: Zein l'Abdin na udi wake, Juma Bhalo na sauti yake, Maulidi Juma, Zuhura Swaleh. Bhalo alitutoka 2014, Zein 2016. Kila mmoja akiondoka tunatoa rambirambi, viongozi wanafika mazishini, na wiki inayofuata hakuna mtoto aliyepelekwa kujifunza lolote. Wenzetu wa Zanzibar walianzisha chuo chao cha muziki wa nchi za jahazi mwaka 2002, wakafundisha udi, ganuni, fidla na ngoma. Kwa Mombasa siombi chuo leo. Naomba mwanzo, kwa sababu chuo bila masikio yaliyofunguliwa mapema kitahangaika kutafuta wanafunzi.

Kuna wazazi watakaoniuliza: mwalimu, muziki huu si haramu? Swali hili nalichukua kwa uzito wote, kwa sababu wazazi wengi wa watoto wangu ni Waislamu na mimi naishi nao. Wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu ala, na si kazi yangu wala ya kaunti kuwaamulia. Ninachosema ni kwamba yapo mengi ambayo hakuna anayegombana nayo. Watoto wetu wanasoma kasida madrasa, na wanazisoma vizuri. Kwenye maulidi dufu linapigwa. Siiti tilawa, usomaji wa Kurani, muziki, na naomba mtu asinielewe hivyo. Lakini mtoto anayefundishwa tajwidi anafundishwa kupima sauti: maddi, yaani mvuto wa sauti, ya harakati mbili hairefushwi ikawa nne, ya sita haikatwi. Sikio linalofunzwa kwa uangalifu wa namna hiyo ni lile lile ninalolizungumzia. Basi chekechea ambayo wazazi wake wanataka sauti, makofi na dufu tu, ifundishe kwa sauti, makofi na dufu. Nyengine itaongeza kayamba na zumari, na penye wazazi Wakristo, kama huku kwetu Frere Town, kwaya zimejaa watu wanaojua kugawa sauti. Muwaite maimamu na wachungaji kabla, mkae nao, msiwapelekee jambo lililokwisha kuamuliwa.

Na hili limewahi kufanyika hapa hapa. Miaka ya 1980 Bi Swafiya Said na wenzake, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, walianzisha Mombasa chekechea zilizounganisha mafundisho ya dini na elimu ya kisasa, wakawafundisha ualimu wanawake wa mitaani wenyewe. Mpango ule ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Waliokuwa wakisema jamii ya pwani haitakubali waliona wazazi wakijenga madarasa kwa mikono yao. Mji uliofanya hivyo hauwezi kushindwa na tari.

Sasa pesa. Najua mtasema kuna vituo havina vyoo vya kutosha, na mtakuwa mmesema kweli. Sitaki choo kicheleweshwe kwa ajili ya ngoma. Ninachoomba ni kidogo, mradi kisigeuzwe kuwa kikubwa. Tafadhali msinunue vinanda vya umeme. Vitapitia zabuni, vitapigwa picha, vitafungiwa stoo, na kisha betri zitakosekana. Sanduku moja kwa kila kituo linatosha: tari, dumbaki, kayamba, njuga, vijiti vya kugonganisha. Ala hizi zinatengenezwa na mafundi wa hapa, wa Kwale na wa Kilifi, na pesa itabaki pwani. Jambo moja tu la kuangalia: kayamba nyingi hutiwa mbegu za mturituri, zile nyekundu zenye doa jeusi, nazo zina sumu. Za watoto zitiwe choroko, na zishonwe vizuri.

Pesa zaidi iende kwa watu. Mwalimu wa chekechea apewe mafunzo ya vitendo wakati wa likizo, ajifunze kusikiliza mdundo na kuongoza duara, hata kama hana sauti ya kuimba. Na kando yake awepo fundi: mpiga ngoma, msomaji kasida, mwalimu wa kwaya, bibi aliyekuwa manju wa lelemama. Alipwe kwa kila kipindi, alipwe kwa wakati. Hapa ndipo ninapoogopa, kwa sababu tangazo la kazi litadai stashahada, na wanaoujua muziki wa Mombasa wengi hawana karatasi hiyo. Watahiniwe kwa kusikilizwa. Waombwe cheti cha maadili mema kutoka polisi kama mtu yeyote anayekaribia watoto, na wasiachwe peke yao na darasa. Mwalimu awe ndani muda wote.

Kuhusu wingi wa vipindi, nawaletea mfano wa Helsinki. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalihusu watoto 66 wa vituo 14 vya kulelea watoto. Baadhi yao walihudhuria kipindi cha muziki cha kikundi mara moja tu kwa wiki, bila masomo ya ziada ya mtoto mmoja mmoja. Walipofuatiliwa kwa miaka miwili, waliohudhuria muziki waliendelea zaidi katika kutambua sauti za lugha na katika msamiati. Ni kipindi cha kawaida, cha watoto wa kawaida, cha kuimba na kucheza. Tukiweza mara mbili kwa wiki tutakuwa tumewapita.

Lazima pia niwatahadharishe na watakaokuja kuwauzia miujiza. Mwaka 1993 kulitoka utafiti mdogo kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu waliosikiliza Mozart kwa dakika kumi wakafanya vizuri kidogo kwenye jaribio la maumbo, kwa muda wa dakika chache tu. Ikageuzwa kuwa Mozart anawafanya watoto werevu, hadi 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, akaomba bajeti ya kuwapelekea watoto wachanga rekodi za muziki. Kusikiliza kanda si kujifunza. Mtoto anafaidika anapofanya: anapopiga, anapoimba, anapongoja, anapokosea na kurudia. Na hata katika kufanya, mwaka 2020 Giovanni Sala na Fernand Gobet walikusanya tafiti 54 zenye karibu watoto 7,000, wakaona kwamba zile zilizofanywa kwa uangalifu mkubwa hazionyeshi muziki ukipandisha alama za hisabati au akili kwa jumla. Kwa hivyo siwaahidi alama za hisabati, na msikubali anayewaahidi. Naahidi sikio, usemi, kumbukumbu ya mwili, na muziki wenyewe, ambao ungestahili hata kama haungeleta kingine.

Wala sitasema ngoma itamaliza magenge ya Kisauni. Tumeahidiwa mengi ya kumaliza magenge. Ila kuna kitu kidogo cha Leipzig, Ujerumani, ambacho nakiona kwangu pia. Mwaka 2010 Sebastian Kirschner na Michael Tomasello walichapisha jaribio la watoto 96 wa miaka minne, wawili wawili. Baadhi waliamsha vyura wa bandia kwa kuimba na kucheza pamoja, wengine waliamsha vyura wale wale kwa mchezo usio na wimbo. Baadaye mmoja alipopata shida, waliokuwa wameimba pamoja walisaidiana zaidi. Watoto wangu wakitoka kwenye duara la ngoma, foleni ya uji huwa na ugomvi mdogo. Nawaachia mpime wenyewe.

Na hilo la kupima naliomba kwa dhati. Anzeni na vituo vichache katika kila kaunti ndogo, Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Wachukueni watoto wanaoingia PP1, mkae nao hadi wamalize PP2, bila kukatiza mradi katikati kwa sababu mwaka wa fedha umeisha. Chuo kikuu kialikwe kuwasikiliza mwanzoni na mwishoni: wanatofautisha sauti zipi, wanashika mdundo kwa muda gani, wanahudhuria shule mara ngapi. Walinganishwe na vituo visivyo na kipindi. Matokeo yatangazwe yote, hata yakiwa madogo.

Tamasha la Muziki la Kenya limekuwepo tangu 1927, na nalipenda. Lakini tamasha lina vikombe, na shule inayotaka kikombe huwachagua thelathini na kuwaacha mia tatu. Msitumie kipindi cha chekechea kuandaa tamasha. Mtoto wa miaka minne asiyejua kuimba ndiye anayehitaji kipindi hiki kuliko yule aliyezaliwa na sauti.

Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa kufika bunge la kaunti si baada ya 1 Septemba. Naomba ndani yake, chini ya elimu ya kabla ya shule ya msingi, kuwe na fungu lenye jina la muziki wa chekechea, na kando ya jina hilo kiasi cha pesa, idadi ya vituo na idadi ya mafundi watakaolipwa. Likikosekana, wenyeviti wa kamati za elimu na utamaduni watueleze sababu kwenye vikao vya maoni ya umma, mtaa kwa mtaa, kwa Kiswahili, tuulize na tujibiwe. Walimu tuko tayari kukaa nanyi kuliandaa, hata Jumamosi.

Wenu katika kuwalea watoto wa Mombasa,

Mwalimu wa chekechea, Kisauni